Miezi 11 Leipzig: kibali cha kutafuta kazi nilipewa, lugha ya kuombea kazi sikuwa nayo

#1 Leja Kuu

Wakuu, heri ya sikukuu.

Mimi ni wale wasomaji wa kimya, nachungulia humu miaka na miaka bila kuandika. Kila wiki naona mtu kafungua uzi "nataka kwenda Ujerumani nifanyeje", na majibu ni yale yale: wa kwanza anasema nenda mkuu kule kazi kibao, wa pili anasema kaa kwenu, Ulaya ni utumwa. Nimekaa huku miezi 11 na siku kadhaa na sikukikuta cha huyu wala cha yule. Nipo mapumziko, nitaandika vipande vipande. Matusi ruksa, ila someni kwanza.

Mimi ni mhasibu. Chuo Kikuu Mzumbe, kisha mitihani ya Bodi ya Wahasibu mpaka CPA, cheti cha juu cha uhasibu. Miaka saba kampuni moja ya usambazaji Barabara ya Nyerere, Dar. Mke na mtoto mmoja. Mshahara ulikuwa ule wa kukupa kiti cha mbele kwenye vikao vya harusi na kukufanya ukope ikifika tarehe 20.

Juni 2024 Ujerumani ilianza kutoa kibali kinachoitwa Chancenkarte. Kama una digrii inayotambulika, au mafunzo ya ufundi ya angalau miaka miwili, unahesabiwa alama. Ukifikisha 6 unaingia na kukaa mwaka mmoja ukitafuta kazi. Ndani ya huo mwaka unaruhusiwa kibarua cha saa 20 kwa wiki, na kwenda kwa mwajiri kwa majaribio yasiyozidi wiki mbili.

Nikashika kalamu. Umri chini ya miaka 35, alama 2. Uzoefu wa miaka mitano ndani ya saba iliyopita, alama 3. Kiingereza cha C1, alama 1 (ngazi za lugha huku zinaanzia A1 ya chini, A2, B1, B2, C1, mpaka C2). Jumla 6, haijazidi haijapelea.

Sasa zisomeni tena hizo alama polepole. Kijerumani mmekiona hapo? Sharti la lugha ni Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2, unachagua mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeanza A1 pale Goethe, kituo cha Kijerumani cha Upanga, Dar, nikaacha wiki ya tatu. Foleni ya jioni, ada, uchovu. Na zaidi ya yote nilijiambia: serikali yao wenyewe imesema Kiingereza kinatosha, mimi nani nibishe?

Alama zimewekwa na serikali. Anayeajiri ni mwenye kampuni. Hawa wawili hawajawahi kukaa kikao kunijadili mimi. Hili ningelijua kabla ya kuuza gari langu la IST na kiwanja cha Chanika, mngekuwa mnasoma uzi mwingine.

Maana kuna pesa ya kuonyesha. Kwa 2025 ilikuwa euro 1,091 kwa kila mwezi, mwaka mzima 13,092. Kwa pesa yetu kama milioni 35. Inakaa kwenye akaunti maalumu, unaachiwa kidogo kidogo kila mwezi. Ni yako, ila ndiyo hiyo hiyo ya kula, kodi ya chumba, bima na nauli.

Naenda kupika, nitaendelea.

#2 Ngoja Kwanza

Nimeshaweka kigoda. Leta vitu.

#3 Kaptula Ndefu

Chai hii. Mtu ana CPA anaenda kubeba maboksi? Wengine mnatunga ili vijana wakate tamaa mbaki wenyewe huko.

#4 Leja Kuu

@Kaptula Ndefu maboksi yanakuja, usiwahi mbele ya uzi.

Nilitua Februari 2025, Jumamosi jioni. Wengi wanawaza Berlin. Mimi nilichagua Leipzig kwa sababu mbili. Moja, vyumba vilikuwa bei nafuu kuliko Berlin au Munich. Ya pili mtacheka: mimi ni Mmachame wa Kilimanjaro, na wamisionari waliotuletea Ulutheri Machame mwaka 1893 walitoka Leipzig. Bibi yangu alikuwa analitaja hilo jina kama watu wanavyotaja Yerusalemu. Nikajiona naenda kwa wajomba.

Basi bwana, kesho yake Jumapili nikatoka kutafuta mkate. Kila duka limefungwa. Nikazunguka nusu saa kwenye baridi nikidhani kuna msiba wa kitaifa. Kumbe sheria yao, Jumapili maduka hayafunguliwi. Nilishinda na biskuti za kwenye ndege na maji ya bomba. Baadaye ndiyo nikajua kwamba stesheni kuu ya treni ina maduka yanayouza hata Jumapili, na nilikuwa nalala dakika kumi kutoka pale.

Sasa kimbembe. Ukifika unatakiwa ndani ya wiki mbili kusajili anwani yako, wenyewe wanaita Anmeldung. Bila hiyo benki nyingi hazikupokei, namba ya mlipakodi huipati, mwajiri anakuangalia kama mzuka. Na kusajili kunataka fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba. Chumba nilichokodi mtandaoni kilikuwa cha wiki tatu, na mwenyewe akagoma kusaini. Ikabidi nitafute kingine, na kila tangazo linataka uthibitisho wa kipato. Kipato bila namba ya kodi, namba ya kodi bila anwani, anwani bila kipato. Nilizunguka humo kama ng'ombe wa kukamua alizeti.

Nikaokolewa na Msudani mmoja mtaa wa Eisenbahnstraße. Huo mtaa ndio Kariakoo ya Leipzig, Waarabu, Waturuki, Waafrika, kila harufu ya chakula. Alikuwa na chumba kitupu kwenye nyumba ya kushirikiana watu wanne, euro 380. Akanisainia.

Nikajisajili, nikaambiwa barua ya namba ya kodi itakuja kwa posta baada ya wiki chache. Nikangoja. Wiki ya tatu, ya nne, ya tano, kimya. Siku hiyo Msudani ananiuliza, "Jina lako umelibandika kwenye sanduku la barua?" Sanduku gani? Kule chini mlangoni kila mpangaji ana kisanduku chenye jina. Jina likikosekana, mbeba barua haulizi mtu, anarudisha zilikotoka. Wiki tano za maisha yangu zilipotea kwa sababu ya kipande cha karatasi na selotepu.

#5 Mama Tulivu

Mwanangu umenichekesha na kuniumiza. Mimi nipo Ujerumani tangu 1998, na kila kijana ninayempokea, kitu cha kwanza kabla ya chai namwandikia jina lake kwenye sanduku. Wenzako tukija zamani tulifikia kwa watu. Siku hizi mnafikia kwenye simu.

Na hapo kwenye kujisajili walikuuliza dini?

#6 Leja Kuu

@Mama Tulivu shikamoo mama. Waliniuliza, na mimi nikajibu kwa kujidai: Mlutheri. Nipo Leipzig bwana, mji wa wajomba! Endelea kusoma uone nilivyolipia hicho kiburi.

SASA KAZI.

Miezi yote ya mwanzo niliomba za uhasibu tu, kwa Kiingereza. Niliweka orodha kwenye jedwali, mhasibu ni mhasibu: maombi 143 mpaka mwisho wa Mei. Yaliyojibiwa 61. Mengi yalianza na aya ya shukrani, halafu ukishuka unakutana na neno moja, *leider*. Maana yake "kwa bahati mbaya". Hilo ndilo neno la kwanza la Kijerumani nililolijua bila kufundishwa. Ikafika mahali sisomi barua, natafuta *leider* iko mstari wa ngapi.

Nilikuja kuelewa baadaye sana nilichokuwa nakosea, na humu kuna wahasibu wenzangu kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Sisi Bongo tumefundwa kwa viwango vya kimataifa vya IFRS tangu 2004. Nikajua nipo sawa popote. Huku kampuni za kawaida zinafunga hesabu kwa sheria yao ya biashara, HGB. Halafu wana orodha za akaunti zenye namba ambazo nchi nzima inazijua kwa kichwa, mbili kubwa zinaitwa SKR03 na SKR04. Mtu hasemi "weka benki", anasema "weka 1200". Mauzo ya VAT ya asilimia 19 ni 8400. Ukihamia SKR04, benki inakuwa 1800 na hayo mauzo 4400. Na karibu kila tangazo linataka uwe unaijua programu yao ya hesabu, DATEV. Mimi niliandika Tally, ile programu tuliyoizoea Bongo, kwenye wasifu wangu kwa herufi nene. Ni kama fundi wa meli anaomba kazi gereji, anasema injini ni injini.

Wasifu wenyewe ulikuwa kituko. Huku wanapenda uwe na tarehe zisizo na pengo, vyeti vyote vimeambatishwa, na barua kutoka kwa kila mwajiri uliyemwacha. Hiyo barua nayo ina lugha yake ya kificho. Kuna sentensi ikisomwa na asiyejua inaonekana ni sifa, kumbe ina maana ulikuwa unafanya kazi ya kuponea. "Alitutosheleza" ni kama alama ya D. "Daima alitutosheleza kikamilifu kabisa" ndiyo A. Barua yangu ya Dar iliandikwa mistari minne na bosi ambaye alikuwa anawahi kikao: huyu bwana alikuwa nasi, ni mchapakazi, tunamtakia heri. Sijui waliipa daraja gani.

#7 Mtoto wa Githurai

Wueh, leider! Hiyo neno naijua vizuri sana.

Niko Kassel, mimi ni nesi. Hebu niongeze ya upande wa Kenya. Septemba 2024 Rais Ruto alienda Berlin, makubaliano ya wafanyakazi na Ujerumani yakasainiwa. Hata wino haujakauka, watu nyumbani wakaanza kusema kuna nafasi 250,000. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani yenyewe ilitoka ikakanusha, ikasema hakuna idadi yoyote kwa hayo makubaliano. Lakini ni nani alisoma kukanusha? Binamu zangu watatu walinipigia wiki hiyo wakiuliza kama wapakie nguo.

Kwa manesi ni hivi. Unaleta vyeti, wanalinganisha na masomo yao, wanakuandikia barua ya upungufu wako. Halafu unachagua: ufanye mtihani wa maarifa au ukae kipindi cha kujazia mafunzo wodini. Wakati huo unafanya kama msaidizi. Mimi nilikuwa naongoza shift nzima huko nyumbani, huku nikawa naogesha wagonjwa na kulisha. Na hiyo ndiyo ilinishangaza, kwa sababu kwetu kuogesha mgonjwa ni kazi ya familia yake, huku ni kazi ya nesi kamili na wanaichukulia serious kabisa. Nililia miezi miwili. Baada ya B2 na mtihani, sai niko sawa.

@Leja Kuu ulikuwa unakula nini hiyo miezi yote?

#8 Leja Kuu

@Mtoto wa Githurai asante dada. Nakuja huko huko.

Mwezi wa nne maji yalizidi unga. Pesa ya kila mwezi inaingia, chumba kinachukua yake, bima yake, tiketi ya treni na mabasi ambayo 2025 ilikuwa euro 58, barua ya ada ya redio na televisheni euro 18.36 (tunachangia nyumba nzima, na televisheni hatuna). Halafu nyumbani. Nani asiyejua grupu la ukoo? Kipaimara cha mtoto wa fulani, bati za mjomba. "Upo Ulaya unashindwa laki mbili?"

Siku moja ya Aprili nilipiga picha mbele ya lile mnara wao wa Vita vya Mataifa, limawe refu la mita 91 la mwaka 1913. Koti nililoazima. Nikaweka status. Watu 112 wakaangalia, na mfukoni nilikuwa na euro 11 za kunifikisha Ijumaa.

Basi, @Kaptula Ndefu, yale maboksi yako haya hapa. Karibu na uwanja wa ndege kuna maghala ya vifurushi, na wanatafuta watu usiku na mchana. Nikaandikwa usiku nne kwa wiki, saa tano tano, ndizo zile 20 za kibali. Kima cha chini cha sheria 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa, wao walitoa juu yake kidogo. Mahojiano yalichukua dakika sita. Aliniuliza mgongo wangu mzima? Nikasema mzima. Akaniuliza saizi ya kiatu.

Miaka yote Bongo tulikuwa tunasema "fulani yupo majuu anabeba maboksi" kwa utani. Jamani, ni maboksi kweli. Yana ukanda, yanakuja, unayageuza msimbo uangalie juu, yanaenda. Kwenye ukanda wangu tulikuwa sita: mhandisi wa Syria, mwalimu wa hesabu wa Ukraine, kijana wa Eritrea, Wahindi wawili wanaosoma kompyuta, na mimi. Ukitaka mkutano wa wasomi Leipzig, nenda ghalani saa nane usiku.

Hati ya mshahara ya kwanza nilitaka kulia. Kwa sababu ya lile sanduku la barua, namba yangu ya kodi ilikuwa haijafika, na mwajiri asipokuwa nayo sheria inamtaka akukate kwa daraja la 6, ambalo ndilo lenye makato makubwa kuliko yote. Zaidi ya euro 100 zikaenda. Na chini yake, Mama Tulivu, mstari mdogo umeandikwa kodi ya kanisa, kama euro 11. Asilimia 9 ya kodi ya mapato. Kwetu kanisani unaweka bahasha, mzee wa kanisa anasoma jina, unajua umetoa. Huku wanakata kwenye mashine.

Ila mhasibu ndani yangu akaamka. Nilichukua ile hati nikaisoma mstari kwa mstari na kamusi, saa tatu nzima. Nikakuta bima ya uangalizi wa wazee imekatwa juu kuliko nilivyosoma kwenye tovuti. Nikachimba. Kumbe miaka ya 90 walipoanzisha hiyo bima, majimbo mengine yalifuta sikukuu moja ili kufidia waajiri. Jimbo hili la Sachsen liligoma, likabaki na Siku yao ya Toba ya Novemba, na mpaka leo mfanyakazi wa huku anakatwa zaidi kwa ajili ya hiyo siku. Nilicheka peke yangu jikoni. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike nijisikie ninafanya kazi yangu. (Na zile za daraja la 6 zilirudi namba ilipofika.)

#9 Mbeba Boksi Mstaafu

Hii ya ukanda wa wasomi nimeisikia mpaka kwenye mifupa. Mimi Kanada, mwaka wa 14. Sisi wimbo wetu haukuwa lugha, ulikuwa "una uzoefu wa Kanada?" Utaupataje kama hakuna anayekuajiri? Sasa Ontario kuanzia tarehe 1 Januari 2026 mwajiri mwenye watu 25 na kuendelea haruhusiwi kuliandika hilo sharti kwenye tangazo. Kwenye tangazo. Kichwani mwake nani ataenda kukagua.

Swali mkuu: nini kilikutoa?

#10 Kaptula Ndefu

Naomba radhi kwa lile neno la chai. Endelea.

#11 Leja Kuu

Radhi imepokelewa.

Kilichonitoa ni yule mwalimu wa Ukraine. Mapumziko ya saa nane usiku kila mtu yupo kwenye simu, yeye anasoma daftari. Nikamuuliza kwa Kiingereza anasoma nini, akanijibu kwa Kijerumani. Nikauliza tena, akajibu tena kwa Kijerumani, polepole. Wiki nzima alinifanyia hivyo. Niliudhika kweli. Halafu nikaona yeye ana miaka 56 na mimi 34.

Juni nikaacha kabisa kuomba kazi. Hii ndiyo sehemu ambayo ndugu hawakuielewa: umekwenda kutafuta kazi, na unaacha kutafuta? Lakini nilipiga hesabu. Maombi 143 ya Kiingereza yalizaa simu mbili. Ukishaona bidhaa haiuziki, huongezi matangazo, unabadilisha bidhaa. Nikaingia madarasa ya elimu ya watu wazima, wanaita Volkshochschule. Kila mji unayo na bei yake si ya kuumiza. Asubuhi darasa, mchana kulala, usiku ukanda. Novemba nikapata B1.

Na humo humo kwenye elimu ya watu wazima kuna mfululizo wa kozi za biashara, Xpert Business, unasoma jioni kupitia intaneti. Nikachukua uandishi wa hesabu wa mwanzo. Mwenye CPA anarudi kwenye debiti na krediti! Kiburi kiliuma wiki ya kwanza tu. Maana Kijerumani cha mwalimu nilikuwa naambulia nusu, lakini akishasema "1200 kwa 8400" mimi nimeshafika kabla hajamaliza. Namba zilinifundisha maneno. Mpaka leo nina maneno ya Kijerumani ya ushuru na mizania kuliko ya kununulia nyanya.

Wasifu nikauandika upya, kwa Kijerumani, mwalimu wa darasa akausahihisha. Nikamwandikia na bosi wangu wa Dar, nikamwomba barua ndefu inayoeleza kazi moja moja niliyofanya. Akaituma siku hiyo hiyo, na pole juu.

Awamu ya pili niliomba 19 tu. Zote ofisi ndogo za ushauri wa kodi, zile za watu watano au kumi, kwa sababu zimezidiwa na hazina watu. Nne zikaniita. Moja ikanipa majaribio ya wiki mbili, Desemba.

Siku ya kwanza mama mwenye ofisi akaniongoza kwenye meza, akaenda kabatini, akarudi na boksi la viatu limejaa risiti za mwenye mgahawa mmoja. Akalitua mbele yangu. Nikamwangalia, nikaliangalia boksi. Nikajisemea Mungu ana utani.

Lakini jamani, risiti ni risiti. Nimezipanga za wenye maduka Kariakoo, za mafuta zilizofifia, za kuandikwa nyuma ya pakiti ya sigara. Siku ya tatu boksi likawa tupu na kila kitu kimeingia DATEV. Akauliza nilifanya wapi kazi hii. Nikamwambia Dar es Salaam. Hakuniuliza ni wapi. Akasema kesho kuna maboksi mengine mawili.

#12 Ngoja Kwanza

Mkuu, mkataba umepata au bado? Na mimi kuna wakala hapa Sinza anataka milioni 8 anishughulikie hiyo Chancenkarte, anasema bila yeye ubalozini hawakusikilizi.

#13 Leja Kuu

Mkataba nimesaini tarehe 19 Desemba, kazi ya mhasibu, saa 30 kwa wiki, kuanza pale idara ya wageni itakaponibadilishia kibali. Kibali changu kinaisha Februari na miadi nimepewa Machi, kwa hiyo nitaishi na karatasi ya muda katikati. Usingizi sina sana. Ikikwama nitakuja kuwaambia, sitaondoka kimya.

@Ngoja Kwanza milioni 8 ni za nini? Ada ya viza ni euro 75. Kulinganisha digrii yako, unaomba mwenyewe kwa njia ya mtandao kwenye ofisi yao ya vyeti vya nje iliyopo Bonn, ni zaidi kidogo ya euro 200. Alama unajihesabia bure kwenye tovuti ya serikali yao, Make it in Germany. Hakuna anayeweza kukusikilizisha ubalozini. Hizo milioni chukua moja tu, nenda Upanga, usiache wiki ya tatu kama mimi. Ukifika B1 ukiwa bado unakula wali wa mama yako, utakuwa umeshinda nusu ya waliopo kwenye ule ukanda.

#14 Mama Tulivu

Ongezea: leseni ya udereva ya Bongo inatumika miezi sita tu tangu uanze kuishi huku, halafu unafanya mitihani upya. Ule wa nadharia kuna lugha kibao za kuchagua, hata Kiarabu na Kituruki. Kiswahili hakipo. Nimeandika barua mara mbili.

#15 Mtoto wa Githurai

@Leja Kuu ubaguzi je? Sachsen inaongelewa vibaya sana.

#16 Leja Kuu

Dada, uchaguzi wa jimbo wa Septemba 2024 AfD, chama kinachopinga wahamiaji, walipita asilimia 30, kwa hiyo siwezi kusema ni maneno ya watu. Mjini Leipzig mimi binafsi nimeangaliwa vibaya, sijaguswa. Kwenye treni ya miji midogo nakaa karibu na mlango. Yule mama wa ofisini alinipigia mwenyewe kunitafutia daktari wa meno. Yote haya ni mji mmoja, wiki moja.

#17 Ngoja Kwanza

Nimekuelewa kuhusu wakala. Swali la mwisho, na ukiona si la kujibu acha. Shemeji alikuwa anajua? Ya maboksi. Au naye alikuwa anaangalia picha za mnara?

#18 Leja Kuu

Nilimwambia ni kazi ya "usafirishaji, upande wa mizigo". Si uongo ukiangalia kwa jicho moja.

Juzi baada ya kusaini nikampigia, nikasema nina la kukiri. Nikaanza kueleza ghala, usiku, ukanda. Akanikatiza. Alijua tangu Juni. Nilikuwa nampigia asubuhi nikitoka zamu kabla ya darasa, simu naiegemeza kwenye kikombe, na nyuma yangu kila siku kuna viatu vya kazi vya pua ya chuma juu ya gazeti. Hakusema kitu miezi sita.

Akaniuliza tu, "Vile viatu vilikuwa vinakubana?"

#19 Kaptula Ndefu

Vilikuwa vinabana?

#20 Leja Kuu

Mimi navaa 43. Siku ile waliyoniuliza saizi nilisikia vibaya nikajibu *zweiundvierzig*. Nikavaa 42 mwezi mzima kwa sababu sikujua kusema "nibadilishieni".